Bwawa la Tawahin na Zamu ya Wakili Nasir

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo ndefu yenye alama nyekundu na nyeusi, nikapakiwa kwenye gari, nikashushwa nje ya Nizwa, huku Uarabuni, kando ya wadi, nikaambiwa nipime kina cha maji. Wadi, kwa asiyeijua, ni mto usiokuwa na maji. Takriban mwaka mzima ni changarawe tupu, mpaka mvua inyeshe milimani, hapo maji hushuka yote kwa mkupuo mmoja. Siku ile palikuwa pakavu hata mbuzi hawakuwa na sababu ya kupita. Nikamwuliza Mkuu wa Vipimo, mgeni mwembamba aliyevaa kaptura na soksi ndefu, "Maji yenyewe yako wapi?"

"Yatakuja," akasema. "Kazi yako wewe ni kuwepo."

Nilicheka. Nilikuwa kijana niliyefika karibuni tu kutoka Unguja, na Kiingereza changu cha skuli na Kiarabu cha chuoni kilichowafanya wenyeji washike mbavu. Idara ilituchukua sisi watu wa Zinjibar kwa ajili ya kile Kiingereza, na wenyeji wakatustahamilia kwa ajili ya babu zetu. Sikujua kwamba lile neno la mgeni mwenye soksi ndefu lingekuwa sheria ya kazi yangu mpaka nistaafu.

Vijana wa idara wameniomba niandike jinsi kazi ilivyofanywa zamani. Wao siku hizi wanapima wadi wakiwa wamekaa ofisini na baridi ya mashine, na mimi sina kinyongo nao. Nitaandika, lakini wasitegemee hadithi tamu. Nimekubali kwa ajili ya mtu mmoja, Wakili Nasir, aliyekufa huku watu wakisema kuwa yeye ndiye aliyekizamisha kijiji cha Tawahin. Si kweli, na mimi nilikuwepo.

Nizwa nilifunzwa kazi na Mhandisi Mkaazi, Msudani mwenye sauti nzito aliyekunywa chai nyeusi kutwa. Yeye ndiye aliyenieleza bwawa la kulisha ardhi ni nini. Watu wakisikia bwawa hufikiri ni mahali pa kuweka maji. Haya yetu si ya kuweka. Maji ya wadi hushuka na matope mengi, yakaenda mbio mpaka baharini au jangwani bila kumfaa mtu. Basi tunajenga tuta kuyazuia kwa siku chache tu. Matope yanatua chini, maji yanakuwa meupe, kisha unafungua milango ya chini ya tuta, yanatoka taratibu na kuzama kwenye changarawe. Huko chini ya ardhi ndiko yanakowekwa, na visima na mifereji ya vijiji inakunywa kutoka huko.

"Bwawa letu likijaa, ujue liko kazini," alikuwa akisema. "Likimaliza kazi liwe tupu. Ukiliona limejaa na mbingu safi, mtafute mjinga aliyelifunga."

Na alinifunza jambo la pili. Tuta letu ni la udongo na changarawe, lililovikwa mawe. Pembeni huachwa sehemu ya chini kidogo, njia ya ziada, ili maji yakizidi yapite hapo. Lakini yakizidi hata njia hiyo yakaanza kupita juu ya tuta lenyewe, basi tena. Udongo unaliwa, na tuta linakwenda lote pamoja na maji yaliyokuwa nyuma yake. Kwa hiyo bwawa lililojaa ni baya kuliko kutokuwa na bwawa kabisa, maana mafuriko yanayokuja hayana pa kukaa.

Baada ya Nizwa nilipelekwa Manah kusimamia visima, kisha Ibra, ofisi ya mkoa, chini ya Mudiri. Mudiri ni mkurugenzi, na huyu alikuwa mkurugenzi hasa: kilemba kimepigwa pasi, ubani unamtangulia mlangoni, na kila mgeni anaondoka akiamini kuwa amependwa. Nami nilimpenda, nisiseme uongo. Alinifanya mwangalizi wa bwawa jipya juu ya kijiji kimoja upande wa Mudhaibi. Kijiji hicho nitakiita Tawahin, yaani vinu, ingawa si jina lake. Wenyewe wanalijua jina lao.

Tawahin ilikuwa ikiishi kwa falaji na vinu. Falaji ni ule mfereji wa kale unaotoa maji chini ya mlima na kuyaleta mpaka mashambani. Kabla ya kufika mitendeni, maji ya Tawahin yaliangushwa ndani ya minara ya mawe, mmoja baada ya mwingine, na chini ya kila mnara palikuwa na gurudumu la mti lililozungusha jiwe la kusagia. Ibra tayari palikuwa na mashine za umeme, lakini watu wa Mudhaibi na mabedui wa jangwani walileta ngano yao Tawahin. Walisema unga wa mashine unatoka umeungua, na harisi, bokoboko la Idi, hailiki. Mtaa mzima ulikuwa mweupe. Wasagaji walikuwa na unga mpaka kwenye kope, na mkate uliokaangwa pale kwa samli sijaupata tena popote.

Mkuu wa falaji huitwa wakili. Wakili Nasir alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye maskhara, aliyekulia Pemba kwenye karafuu na akarudi kwao kijana. Alifurahi kupata mtu wa kusema naye Kiswahili.

"Wewe Mzinjibari, Kiarabu chako kinaniumiza meno," aliniambia siku ya kwanza. "Sema Kiswahili tupumzike sote."

Alinionyesha jinsi maji yanavyogawiwa. Yupo mtu aitwaye arifu, anayetazama kivuli cha kijiti juani na kujua zamu ya nani imefika. Anapita kwenye mfereji akiita jina la mwenye zamu. Mwenye zamu anaitikia, arifu anaondoa jiwe lililofungwa matambara kwenye mdomo wa shamba lile, na maji yanaingia. Asiyeyataka anasema neno moja tu, "Pitisheni," na maji yanakwenda kwa jirani.

"Nani anasema pitisheni?" nikamwuliza.

"Hapa? Hakuna, wallahi. Mtu ana homa ya kufa, akisikia jina lake anaruka kitandani."

Ndugu yake mdogo, Seif, alikuwa na kinu cha mwisho, karibu kabisa na wadi. Na Wakili mwenyewe alikuwa na binti, Zuwena, aliyekuwa akituletea kahawa na tende na kuninunia nikikataa kikombe cha tatu. Ile nyumba ilikuwa kama kwetu.

Kisha ukaja ukame. Wasioonja hawajui. Falaji ilikonda mpaka vinu vikawa vinasaga kwa zamu, kisha vikasimama vyote ila cha Seif, nacho kilizunguka kwa kulalamika. Bwawa langu lilikuwa uwanja wa vumbi, na mimi mwangalizi wa vumbi. Mwaka baada ya mwaka watu walisali sala ya mvua na kurudi majumbani.

Mvua ilipokuja, ilikuja wiki chache kabla ya Idi. Wadi ikashuka, bwawa likajaa mpaka karibu na njia ya ziada, na milango nikawa nimeifunga kama inavyotakiwa ili matope yatue. Kwetu huku watu hawakimbii wadi, wanaikimbilia. Walikuja kutoka Mudhaibi, Ibra, wengine mpaka Nizwa, na magari na mikeka na mishkaki. Walikaa juu ya tuta wakitazama maji. Niliona mzee akilia. Kulikuwa na watoto ambao hawakuwa wamepata kuona maji mengi kuliko ya ndoo.

Siku ile Mudiri naye alikuja. Tulikaa sote kwenye mkeka, na Wakili Nasir, mbele ya watu wote, akasema, "Ya Mudiri, hebu yaacheni mpaka Idi. Watoto wayaone. Sisi wenyewe tuyaone."

Watu wakashangilia. Mimi nikasema, "Mzee Nasir, hili si birika. Likibaki limejaa na wadi ikashuka tena, tutalia."

Sasa sikilizeni, maana yanayofuata ndiyo watu wasiyoyasimulia. Asubuhi ya pili, matope yametua na maji meupe, alikuja bwawani kwa miguu, peke yake, akanikuta nimeshika usukani wa mlango.

"Fungua," akaniambia. "Jana nimesema kitoto. Nimeamka nimemwona Seif kinuni, nikatazama huku juu. Fungua, mwanangu, yaende zake."

Nikafungua. Maji yalikuwa yameanza kutoka pale Mudiri alipofika na gari lake. Alishuka akitabasamu.

"Nani kakwambia ufungue?"

"Ndiyo kanuni, Mudiri."

"Kanuni naijua. Baada ya Idi anakuja mkubwa kutoka Maskati kuangalia bwawa. Nimwonyeshe nini, tope? Funga."

Wakili Nasir akasema, "Ya Mudiri, mimi ndiye niliyeomba, na mimi naliondoa ombi langu. Sisi ndio tunaolala chini ya tuta hili. Yaachie yatoke."

"Wakili, wewe simamia falaji yako," Mudiri akajibu kwa upole, kama anavyozungumzishwa mgonjwa. "Bwawa ni la serikali."

Akanitazama mpaka nilipofunga. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akauchomoa mpini wa usukani, chuma kizito cha urefu wa mkono, akaufunga ndani ya kitambaa asichafue nguo, akauweka kwenye buti la gari lake. "Ili usishawishike," akasema, akacheka, akenda zake Ibra nao.

Niliripoti kwa redio, nikamweleza msaidizi wake, nikenda mwenyewe Ibra kuudai ule mpini. Niliambiwa niwe na subira, Idi imekaribia.

Mawingu ya pili yalikusanyika mlimani baada ya Idi, kabla yule mkubwa wa Maskati hajafika, mchana, jua likiwa bado linawaka kijijini. Aliyekaa huku miaka anaijua ile rangi ya mlima, inakuwa kama chuma. Nikaita Ibra kwa redio ya gari, mara hii Mudiri mwenyewe akashika.

"Niletee mpini. Mvua inanyesha juu."

"Njia ya ziada itatosha," akasema. "Usiwatishe watu."

Nilijaribu kuzungusha usukani kwa spana ya mabomba. Ukasogea kidogo, kisha spana ikateleza na kunipasua kiganja. Mlango ukabaki na upenyo wa kupitisha maji ya kukogea tu. Nikaiacha spana, nikateremka kijijini, na Wakili Nasir alikuwa tayari yuko barabarani. Alipotazama kiganja changu alijua mlango umekataa.

Alipita mtaa wa vinu mlango kwa mlango akipiga kwa bakora. Walikuwepo waliomcheka. Maji yapo pale wiki nyingi, walisema, wadi imeshuka mara ngapi na tuta limesimama? Aliwatukana, wallahi aliwatukana matusi ya Kipemba ambayo wao hawakuyaelewa na mimi niliyaelewa yote. Wanawake aliwasukuma kwa mikono yake mpaka kwenye kilima cha msikiti wa zamani. Wengi walio hai leo, na watoto wao na wajukuu wao, wako hai kwa bakora ile.

Kutoka kilimani niliona maji yanapita juu ya tuta. Kwanza yalikuwa membamba, yanametameta, mtu angesema ni mazuri. Kisha katikati pakachimbika, pakawa na mdomo, na mdomo ukapanuka. Nilisikia sauti ambayo mpaka leo, lori la changarawe likimwaga mzigo karibu na nyumba yangu, naisikia tena. Maji yaliingia mtaa wa vinu yakiwa ya kahawia, yamebeba mitende na magari. Minara ilianguka mmoja baada ya mmoja, kwa mpango ule ule ambao maji ya falaji yalikuwa yakiiendea. Seif alikuwa amerudi kufunga maji ya kinu chake ili jiwe lisizunguke tupu likavunjika. Msagaji yeyote angefanya hivyo, ndivyo walivyofunzwa tangu watoto. Tulimpata siku iliyofuata. Walikufa na wengine, sitawataja mmoja mmoja, wenyewe wana makaburi yao.

Mawe ya kusagia yalikutwa mbali huko, yamelala kwenye changarawe. Mdomo wa falaji ulizibwa na kifusi. Familia nyingi zilihamia Mudhaibi na Ibra na Maskati, kila moja ilikopata jamaa, na vinu havikujengwa tena. Mabedui wakaanza kununua unga wa mifuko.

Ikaja Kamati ya uchunguzi kutoka Maskati. Nilihojiwa na Mkuu wa Kamati, mtu wa adabu nyingi. Nilieleza kila kitu, mpaka kitambaa kilichofungiwa mpini. Aliniacha niseme, kisha akauliza, "Wakili aliomba maji yasifunguliwe, ulimsikia au hukumsikia?"

"Nilimsikia. Lakini asubuhi yake—"

"Ulimsikia. Shukran, inatosha."

Hiyo ndiyo iliyosomwa mbele ya watu: kwamba mvua ilizidi kipimo, na kwamba wananchi, kupitia kwa wakili wao, walishikilia maji yasiachiwe. Mpini haukutajwa. Mudiri alipandishwa cheo kabla mwaka haujesha, na mimi nikahamishiwa Sur kusimamia magari ya kugawa maji, mbali na bwawa lolote. Mkuu wangu wa Sur, mtu mwema, aliniambia, "Una sifa ya mdomo." Nikamwambia kama ningekuwa na mdomo, wangenisikia.

Wakili Nasir aliondolewa uwakili. Hakuna aliyemtukana. Watu wa huku hawatukani, wanapunguza. Sabla ni baraza la wanaume la kijiji, na akiingia pale walimpa kahawa, wakarudi kwenye mazungumzo yao kana kwamba upepo umefungua mlango. Idara ilichimba kisima na kutia pampu kuilisha falaji, maji kidogo, ya mitende tu. Arifu akaanza tena kuita zamu. Ilipofika ya Wakili Nasir, akajibu kutoka ndani, "Pitisheni."

Walidhani amechoka siku ile. Akajibu hivyo zamu iliyofuata, na iliyofuata. Kila nilipopata likizo Sur nilikwenda kumwona, na kila mara mitende yake ilikuwa imekauka zaidi. Nilimgombeza.

"Mitende ina kosa gani, Mzee Nasir?"

"Mtu aliyewazamisha watu hatakiwi kupewa maji," akasema. "Wakija kuniambia si mimi, nitayapokea."

Nilikwenda kwa wakubwa mara kwa mara na mambo haya, nikaambiwa yameshapita. Nikastaafu. Idara iliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Siku hizi nakaa Ibra, goti moja halikunji. Bwawa jipya la Tawahin limejengwa, la zege safari hii, lina bustani na bembea, na kwenye jiwe la mlangoni limechongwa jina la yule yule Mudiri kwa cheo chake kikubwa. Familia huenda pale Ijumaa.

Wakili Nasir amekufa mwaka huu. Zuwena, ambaye sasa ana nywele nyeupe kama mimi, alinipigia simu. "Ami," akaniambia, "njoo useme. Sitaki fidia wala jina kwenye jiwe. Nataka waseme mbele ya watu kwamba si baba aliyekizamisha kijiji. Waseme tu, niitoe mitende yake kwenye kiu."

Nikenda. Siku ya tatu ya tanzia sabla ilikuwa imejaa. Nilisimama na goti langu, nikaeleza yote mliyoyasoma hapa: ombi la mkekani, asubuhi ya pili, kitambaa, buti la gari, bakora. Nilieleza kwa Kiarabu changu kibovu na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nikafikiri, angalau sasa wamejua.

Mzee wa kijiji aliweka kikombe chini. Alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa kilimani kwa bakora.

"Tulijua," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza mlijua nini.

"Yote, ya akhi. Watu walimwona akipanda bwawani asubuhi ile. Dereva wa Mudiri ni mtu wa hapa, mpini aliuona. Lakini tungefanyaje? Kisima, pampu, bwawa jipya, vyote vilitaka saini ya yule mtu. Nasir alikuwa wetu. Tulijua atastahamili."

Wengine walitazama mkeka. Nilimwuliza kama atayasema hayo nje, barabarani, binti asikie. Akasema marehemu amekwisha kurehemika, tusifukue, na mwenye jina kwenye bwawa bado yu hai na ana watoto wenye vyeo.

Hasira niliyokuwa nayo kwa Mudiri maisha yangu yote, siku ile niliona nilikuwa nimeielekeza upande mmoja tu. Nilikwenda kwa Zuwena nikamwambia maneno yale kama yalivyo. Alikuwa amekaa ukumbini na wanawake. Hakulia. Aliniuliza kama nimekunywa kahawa.

Tulikuwa bado tumekaa pale arifu alipopita kwenye mfereji nje ya ukuta. Arifu wa sasa ni kijana. Maji ya pampu tuliyasikia yakija polepole kati ya mawe. Akasimama kwenye mdomo wa shamba lao, akaita kwa sauti ya heshima kwa sababu ya msiba, "Zamu ya watoto wa Nasir."

Zuwena akainuka, akenda mpaka mlangoni, akajifunika vizuri. Nilidhani atayapokea. Mzee ameshazikwa na mitende michache ya ukutani bado ina kijani.

"Pitisheni," akasema.

Arifu akangoja kidogo, labda akidhani hakusikia vizuri. Kisha akaliacha jiwe mahali pake, na maji yakaenda kwa jirani.